Neema Haiagi

Mtu akifa ana siku yake. Ana saa aliyokata roho, ana kaburi lililoelekezwa kibla, ana hitma ya siku ya tatu, na kama ameacha mke, mke ana eda ya miezi minne na siku kumi. Msiba wa mtu una kalenda. Hata anayelia sana anajua ameanza kulia lini, na majirani wanajua lini waanze kumwambia, basi mwanangu, mshukuru Mungu.

Neema ikiondoka haina siku. Hakuna aliyeiona ikivuka kizingiti. Hakuna awezaye kusema: ilikuwa Jumatatu, baada ya Alasiri, tukaizika. Watu huendelea kuamka, kuchota maji, kushuka pwani. Kisha miaka mingi baadaye mtoto anauliza kwa nini nyumba ile ya mawe imebaki kuta nne na mpapai katikati, na hapo ndipo mtu mzima anapotambua kwamba kumbe yumo msibani, na msiba wenyewe haukutangazwa.

Haya hunijia nikiwa Makangale, kaskazini magharibi ya Pemba, mahali ambapo barabara itokayo Konde hupenya msitu wa Ngezi kabla ya kufika kwa watu. Ndani ya msitu kuna giza la mchana. Kuna mivule iliyokuwepo kabla ya babu zetu, na kuna mpapindi, mnazi wa mwitu ambao asili yake haiko kokote duniani ila kisiwa hiki. Ukitoka upande wa pili unakuta anga imefunguka: Vumawimbi mashariki, Verani magharibi, na mbele kabisa, Ras Kigomasha, mnara wa taa wa chuma uliojengwa enzi za Waingereza ili meli zisije zikagonga kisiwa kilichokuwa na mali.

Meli zilikuja kwa nini? Zilikuja kwa karafuu.

Huku nchani ardhi yetu sehemu kubwa ni mawe, na mikarafuu haikusimama kwa wingi kama ilivyosimama kwenye vilima vya kati na vya magharibi. Lakini msimu haukuwa na mpaka. Karafuu zikiiva, watu wa Makangale walifunga virago wakaenda kuchuma Mgogoni, Konde, Wete na kwingineko. Waliobaki walibaki na mitumbwi, na hata samaki wao alipanda bei, kwa kuwa mchumaji aliyelipwa jioni hula vizuri usiku. Shekhe alipata sadaka. Fundi cherehani alipata vitambaa. Bibi harusi aliyengoja alipata siku yake.

Ni watu wangapi leo wanaoujua usiku wa kuchambua? Karafuu mbichi zimemwagwa chini, kandili katikati, watu wameizunguka. Unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo upande ule. Vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu wenye harufu ambayo sabuni haiondoi. Mtoto husinzia huku mikono yake ikiendelea na kazi. Hadithi husimuliwa, aliyeolewa hutajwa, aliyekufa huombewa. Asubuhi karafuu zinaanikwa kwenye majamvi, zikiwa za kijani na nyekundu, na kwa siku tatu, nne za jua kali zinageuka hudhurungi, zinakauka hadi ukiivunja moja inalia. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Theluthi mbili ya kazi yako hunyanyuliwa na jua, ikaenda.

Na kulikuwa na ukelele mmoja: mvua! Likitanda wingu, hakuna aliyeuliza jamvi ni la nani. Aliyekuwa kwenye ugomvi na jirani yake aliacha ugomvi, akakimbia kukunja jamvi la jirani huyo, kisha akarudi kwenye ugomvi wake. Nalikumbuka jambo hili kuliko fedha. Najiuliza: kilichopotea kilikuwa bei, au kilikuwa kukimbia kule?

Lakini kumbukumbu hupenda kupaka rangi. Lazima nijizuie. Lazima niulize swali ambalo mwenye kuomboleza hapendi kuulizwa: hiyo neema ilikuwa ya nani?

Mikarafuu haikuota yenyewe. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, akaifanya kuwa kazi ya nchi. Waliochimba mashimo, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Majina yao hayamo katika hati za mashamba. Mashamba yenyewe yakakua hadi karafuu zikawa nyingi kuliko wanunuzi, na katika miaka ya 1840 bei ikaporomoka. Kwa hiyo hata tunapoziita zama za neema, ndani yake tayari kulikuwa na mporomoko wa kwanza. Neema ile ilizaliwa ikiwa na ugonjwa wake.

Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika. Mikarafuu ya Pemba, iliyokuwa ya pili kwa cheo, ikawa ya kwanza, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar zilitoka kisiwani kwetu. Utajiri wa Pemba ulikuja juu ya maafa ya ndugu yake. Je, kuna utajiri usiokuja hivyo? Kila mara bei inapopanda mahali, huwa imeanguka mahali gani?

Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa hadhi yake ya kisheria Zanzibar. Waliolipwa fidia walikuwa mabwana, kwa hasara ya kuwapoteza watumwa. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka yake. Naisoma habari hiyo na inanikaa kama mwiba wa samaki kooni: mageuzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika uchumi wa visiwa hivi, mageuzi ya haki bila shaka yoyote, na bado waliokaa kuyaandika walijiuliza kwanza nani mwenye mali atapungukiwa.

Baada ya hapo yakaja madeni. Mwenye shamba alikopa kwa dhamana ya msimu ujao, msimu ukaja mbaya, akakopa tena kwa dhamana ya shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nchi tajiri za wakati ule zikaanguka, benki zikafungwa New York, viwanda vikasimama Ulaya, na bei ya karafuu ikashuka. Mtu wa Pemba ambaye hajawahi kuisikia New York alilipa. Mdororo wa tajiri husafiri haraka kuliko utajiri wake.

Serikali ya Kiingereza ikaja na mageuzi. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilikuwa kimeundwa 1927. Mwaka 1934 zikatungwa sheria kuhusu madeni na ardhi. Mwaka 1937 chama kikapewa udhibiti wa biashara yenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India ikasusia karafuu za Zanzibar mpaka maafikiano ya 1938. Kila upande ulikuwa na hoja. Mchumaji aliyekuwa juu ya tawi na kigoe chake mkononi hakuulizwa hoja yake.

Kisha 1964, Mapinduzi. Ardhi ikataifishwa, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bure. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likaanzishwa 1968, likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Fedha za karafuu zikasimamisha majumba ya Michenzani, mjini Unguja, na nyumba za maendeleo zikafika Wete na Mkoani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri televisheni hadi miaka ya 1990. Visiwa vidogo, akiba kubwa ya fedha za kigeni. Ukiangalia hesabu za serikali za miaka ile ungesema: hii ni nchi tajiri.

Na Makangale? Makangale ilisikia kwamba nchi ni tajiri. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na sehemu iliyobaki ikawa maghorofa aliyoyaona siku alipopata nauli ya meli. Sisemi majumba hayakuwa na maana. Wapo walioingia humo wakitoka kwenye vibanda, na machozi yao ya furaha yalikuwa ya kweli. Nasema tu kwamba karafuu ilitoka kwa mtu mmoja na jumba likaenda kwa mwingine, na katikati yao hapakuwa na barua yoyote ya shukrani.

Kwa hiyo watu wakavuka. Usiku, bila taa, gunia chini ya wavu, dau likaelekea pwani ya Kenya ambako bei ilikuwa ya dunia. Serikali iliita magendo, na adhabu yake ilikuwa kali mno. Mwenye mkarafuu akawa mwizi wa mkarafuu wake. Alipokuwa katikati ya mkondo, kati ya nchi iliyomwita mhalifu na nchi iliyomwita mteja, alijiona nani? Na mnara wa Kigomasha, uliowekwa kuwaongoza wenye mali, ulimmulika naye vilevile.

Mporomoko ulitokea mbali. Wanunuzi wetu wakubwa walikuwa Waindonesia, wanaochanganya karafuu na tumbaku katika sigara zao za kreteki. Kwa miaka walinunua, kisha wakachoka kununua. Wakapanda yao. Mti wa karafuu ukitunzwa huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kwa hiyo yeyote aliyetaka kuhesabu angeweza kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Indonesia ilikuwa karibu kujitosheleza, na tani ya karafuu, iliyokuwa ikiuzwa kwa maelfu ya dola, ikashuka mwaka hadi mwaka hadi ikawa haifai kupandiwa mti.

Hakuna aliyetuonea siku ile. Hilo ndilo gumu. Mtu anapokuibia, unajua umwite nani. Lakini mkulima wa Sulawesi aliyechimba shimo lake, akatia mche wake, akaumwagilia kwa ajili ya watoto wake, amefanya kosa gani? Alifanya alichofanya babu yetu. Tunamlilia nani basi?

Mikarafuu ikaachwa. Mtambaa ukapanda juu yake, nyasi zikafikia mashina yake. Mkarafuu uliopuuzwa haufi kwa kelele: unaanza juu, tawi la kileleni linakauka, majani yanadondoka, na siku moja unauona umesimama mweupe kama mfupa. Vijana wakaondoka. Wengine Unguja, wengine Mombasa, wengine Dar es Salaam, wengine Dubai. Na wengi, wengi sana, Oman.

Hapa ndipo mawazo yangu hugeuka na kunirudia. Kwa kuwa Oman ya wakati wa mikarafuu ilikuwa maskini. Watu walitoka kule kuja huku. Waliovuka bahari kwa majahazi ya msimu walikuwa wakiifuata Zanzibar, na waliobaki kule waliwaonea wivu. Mwaka 1970, Sultani Qaboos alipochukua madaraka, nchi ile nzima ilikuwa na kilomita kama kumi za lami na shule tatu. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa miaka mitatu tu kabla, 1967. Akawaita waliotawanyika. Wazanzibari waliokimbia 1964, wenye elimu waliyoipata kwa fedha za karafuu, wakaenda kuendesha ofisi za nchi mpya. Kiswahili kikasikika Maskati, katika wizara na katika hospitali. Miaka michache, na mwelekeo wa upepo ukabadilika: tajiri akawa maskini, maskini akawa tajiri, na bahari kati yao ni ileile.

Je, neema ilihama kutoka kwetu kwenda kwao? Hapana. Ilikuwa neema nyingine, chini ya ardhi nyingine. Lakini aliyesimama Makangale akiangalia kaskazini, huku akisubiri fedha kutoka kwa kaka yake aliyeko Maskati, angesamehewa kudhani kwamba ni ileile, imebadilisha nguo.

Sasa tazama. Katikati ya 2014 pipa la mafuta liliuzwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kisha likaja janga la korona mwaka 2020, mwaka uleule aliofariki Sultani Qaboos, na deni la Oman likakaribia asilimia 70 ya pato la nchi. Mwaka 2021 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ikaanza kutozwa katika nchi iliyozoea kutotoza. Mei ya mwaka huo vijana wasio na kazi wakatoka barabarani Sohar. Ruzuku zikapunguzwa, watumishi wa miaka mingi wakastaafishwa. Deni limeshuka tangu hapo, chini ya asilimia 40, na kuanzia Januari 2028 wenye kipato cha zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka watalipa kodi ya mapato ya asilimia 5, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Ghuba iliyolithubutu. Wanaita Dira ya 2040. Wanajiandaa kwa siku ambayo mafuta hayatakuwa kitu.

Wakati wa simu za jioni, ndugu walioko kule hawasemi dira. Wanasema: kazi wanapewa wazalia sasa, iqama, kibali cha kuishi, imekuwa ghali, tuvumilie mwezi huu. Na huku Makangale bati la nyumba linasubiri mwezi ujao. Mageuzi ya tajiri hufika kijijini kwetu yakiwa kimya cha simu.

Na si Oman tu. Miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zimeizoea bandari ya Unguja. Mwaka 1837 Marekani ikamweka balozi wake mdogo pale, na kitambaa cha merikani, kilichofumwa katika viwanda vya huko, kikaingia hadi kwenye misafara ya bara na kutumika kama fedha. Miji kama Lowell ilijengwa kwa ufumaji huo. Ilidhani, kama tulivyodhani, kwamba dunia haitaacha kuhitaji alichonacho mtu. Pamba ikapata mikono ya bei rahisi zaidi kusini mwa nchi yao wenyewe, viwanda vikafungwa kimoja kimoja kati ya miaka ya 1920 na 1950, na leo mgeni hulipa kiingilio kwenda kusikiliza vitanda vya kufumia vikipiga kelele katika jumba la makumbusho. Kwetu mgeni hulipa kwenda kuonyeshwa mkarafuu, akapewa chipukizi anuse.

Detroit, mji wa magari, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Mwaka 2013 ukatangaza kufilisika, watu wake wakiwa wamebaki chini ya laki saba. Wa kule nao wana nyumba zenye kuta nne na mti katikati. Wangeelewa swali la mtoto wetu bila mkalimani.

Nasoma wataalamu wa nchi hizo tajiri wakijadili kushuka kwao: wazee wameongezeka, vijana wamepungua, viwanda vimehama, madeni yamepanda. Wanapendekeza kodi hii, ruzuku ile, mafunzo mapya kwa mfanyakazi wa zamani. Wako sahihi, nadhani, wengi wao. Lakini nawasoma kama mtu aliyewahi kufiwa anavyomsikiliza anayefiwa kwa mara ya kwanza. Kuna mshangao katika maandishi yao, kama vile wameonewa. Wanauliza: imekuwaje sisi? Kisiwa hiki kingeweza kuwajibu, lakini nani anakiuliza kisiwa?

Kwetu mageuzi nayo yameendelea. Mwaka 2011 serikali iliipandisha bei ya karafuu ikapita shilingi 10,000 kwa kilo, na ikaahidi kwamba mkulima apate karibu asilimia 80 ya bei ya dunia. Magendo yakapungua, kwa kuwa hakuna haja ya kuvuka bahari usiku kutafuta bei iliyoko nyumbani mchana. Miche hugawiwa. Mchumaji anayeanguka mtini hupewa fidia. Ni mambo mema, na nayasema kwa moyo mweupe. Lakini yamefika wakati mazao ya mwaka mwema ni sehemu tu ya yale ya zamani, na waliovunjika mgongo miaka ile walisuguliwa kwa mafuta ya nazi na dua.

Na neema mpya imeshapiga hodi. Huku Kigomasha kuna hoteli, na ipo yenye chumba kilichozamishwa baharini, tangu 2013, ambapo mgeni hulala huku samaki wakimtazama dirishani. Kijana wa Makangale hupiga kasia kumpelekea chakula. Anaijua bahari ile tangu utoto, baba yake aliivua. Yeye sasa anaihudumia. Kina mama wamekuwa wakilima mwani tangu zao hilo lienee Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, nao wameona bei yake ikidumaa na maji yakipata joto hadi aina yenye bei nzuri inaoza kwenye kamba. Serikali inazungumza uchumi wa buluu. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, hoteli zilinyamaza, na waliokuwa na jembe walirudi kwenye jembe. Waliouza shamba la pwani walirudi kwenye nini?

Je, tumejifunza? Siulizi kwa kulaumu. Nauliza kwa kuwa nami huiangalia ile pwani nikajikuta nahesabu thamani yake, nami hufurahi nikisikia ndege zimejaa. Furaha hiyo ni ya watu waliokuwa wakifurahia mvua nzuri mwaka 1975. Walikosea wapi? Walifanya kazi, walisali, walisomesha. Mtu mmoja hawezi kuushinda mwelekeo wa bei. Hata nchi haiwezi, kumbe; hata nchi tajiri.

Labda, basi, nikubali kwamba kushuka si adhabu. Bei ya kitu kimoja hupanda na hushuka kama maji ya Vumawimbi, na anayejenga kwenye mchanga mkavu wakati wa kupwa anaujua mchanga, hajui bahari. Kinachoweza kubadilika ni jambo moja tu, nalo kila historia niliyoigusa hapa inalirudia: hasara huwafikia wale ambao neema haikuwafikia. Mtumwa aliyeachwa huru mikono mitupu. Mchumaji wa 1937. Mkulima wa eka tatu. Mfumaji wa Lowell. Mhamiaji wa Maskati anayehesabu salio la simu. Neema iligawiwa juu kwa juu, hasara ikagawiwa chini kwa chini, na kila mara mageuzi yalikuja baada ya bei kushuka, yakakuta kilichobaki kugawa ni hasara peke yake.

Sina orodha ya sera. Ninalo swali, na ningependa liulizwe katika kila kikao kinachopitisha mkataba wa pwani, wa mafuta, wa gesi, wa zao lolote, siku ambayo bei iko juu na kila mtu anacheka: itakaposhuka, nani ataacha nini? Majina yaandikwe. Kama majina yanayojitokeza ni yaleyale ya siku zote, basi mkataba huo ni mbaya hata kama fedha yake ni nzuri.

Mche wa karafuu uliotiwa ardhini mwaka huu utaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na unaweza kuishi kumpita aliyeupanda. Bei ya mwaka huo hakuna aijuaye, Zanzibar wala Jakarta. Anayeupanda anajulikana. Apewe hati yake sasa, na sehemu yake katika bei ya leo, kabla haijashuka.